Nyumba ya Garissa Haichorwi kwa Jua la Nairobi

Kila kazi ya ufundi ina mlango wake, na mlango huo haufunguliwi kwa cheti peke yake. Mwana wa mhunzi hujifunza kufua chuma kwa kushika mivukuto ya babake, na nahodha hajui mikondo ya bahari mpaka awe amekaa tezini pamoja na nahodha aliyemtangulia. Hata waliosoma vitabu hadi macho yakawauma hawana budi kuingia katika jamaa ya watu wa kazi ile, wakosolewe, wachekwe kidogo, kisha wasimamishwe. Waswahili hunena kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na msemo huo wawafaa mafundi kama uwafaavyo watoto wadogo.

Swali ninalotaka kuliweka mbele yako leo, mpenzi msomaji, ni hili: itakuwaje kwa kijana ambaye kwao hakuna wa kumshika mkono? Aliyezaliwa katika mji ambako nyumba zimejengwa kwa maelfu, lakini msanifu majengo ni mtu wa kusikika tu, kama mfalme wa hadithi?

Si swali la kubuni. Hivi karibuni nilizungumza na kijana mmoja, mzaliwa wa mojawapo ya bulla za mji wa Garissa, anayesomea usanifu wa majengo jijini Nairobi. Alinieleza jinsi alivyohangaika miaka yake ya kwanza. Wenzake walikuwa na ami au rafiki wa baba mwenye ofisi, mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi wakati wa likizo. Yeye alikuwa na mjomba mwenye duka la vyakula na mwingine mwenye ngamia. Hatimaye alikaribishwa katika kundi la wasanifu, wakongwe kwa chipukizi, ambao hukutana ili kuonyeshana michoro na kukosoana bila ya kuoneana haya.

Mchoro wa kwanza aliowapelekea ulikuwa wa nyumba ya mamake huko Garissa. Ulikuwa mchoro wa kupendeza: ukuta wa vioo upande wa magharibi, paa bapa, na sebule pana isiyo na ukumbi wala kivuli mbele yake. Mzee mmoja wa kundi lile aliutazama kwa muda, kisha akamwuliza mamake hulala wapi usiku wa mwezi wa Machi. Kijana akajibu kwamba hulala nje, uani, kama watu wote wa mtaa wao. Mzee akamwambia kwamba basi aliyoichora si nyumba bali ni stoo ya kuwekea vyombo, kwani nyumba ni pale mtu anapolala.

Aliniambia kwamba siku ile ndipo alipoanza kusoma usanifu. Nami namsadiki, kwa sababu nimeishi Garissa na ninalijua joto lake. Mji huu uko karibu sana na mstari wa ikweta, juu ya ukingo wa mashariki wa Mto Tana, na mwinuko wake kutoka usawa wa bahari ni mdogo mno ukilinganishwa na Nairobi. Katika miezi ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na usiku haupoi vya kutosha kumpa mtu nafuu. Mahali kama hapa jua la asubuhi na la jioni ndilo adui mkubwa wa ukuta. Ukielekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, na zile fupi mashariki na magharibi, umekwisha kumwondolea mwenye nyumba nusu ya adha. Ukiacha madirisha yatazamane ili upepo upite, ukainua paa mbali na dari ili hewa moto itoke, na ukaweka ukumbi wenye kivuli, umemwondolea nyingine. Hakuna lolote katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu anayejua.

Ajabu ni kwamba ujuzi wenyewe upo Garissa tangu jadi, ila haujapata kuitwa usanifu. Itazame aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali. Mbao zake ni matawi na mizizi iliyokunjwa kwa moto na subira mpaka ikawa matao. Juu yake hutandazwa mikeka ya nyuzi za magome na nyasi, minene ya kuzuia jua lakini yenye kupumua. Umbo lake la kuba huuteleza upepo mkali badala ya kushindana nao. Joto likizidi, mkeka wa chini hukunjwa, nao upepo huingia. Mvua ikija, hushushwa. Malisho yakiisha, nyumba nzima hufunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, na jioni ikasimama tena mahali pengine.

Na nani huijenga? Wanawake. Mama na shangazi za bibi arusi huisuka mikeka kwa miezi mingi kabla ya harusi, na mwenye nyumba ndiye anayejua kila fundo na kila tao. Mtaalamu wa Marekani, Labelle Prussin, aliwaandikia kitabu kizima mafundi wa namna hii mwaka 1995, akichunguza nyumba za wafugaji wa Afrika, wakiwamo Wagabra, Warendille na Wasomali, na akaonyesha kwamba wasanifu wake ni wanawake. Kijana wetu alilazimika kwenda Nairobi kuambiwa kwamba ayeeyo wake, yaani nyanya yake, alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo anayoisomea!

Hapa hapana budi kuugusa upande wa pili, maana mizani yataka mawe mawili. Wapo watakaoniuliza kama ninataka watu wa Garissa warudi katika mikeka ilhali wenzao wanajenga maghorofa. Sitaki hivyo. Mtu wa Kaskazini Mashariki anayo sababu ya kulipenda jiwe. Mnamo Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa uliteketezwa kwa moto katika operesheni ya maofisa wa usalama, na makazi ya watu yakawa majivu. Aliyeona nyumba yake ikiungua kama karatasi hawezi kulaumiwa akitamani ukuta usioshika moto. Tena bati, pamoja na ubaya wake wote, hukinga maji ya mvua yakaingia tangini, na katika nchi kame tone la maji si jambo la mzaha. Nyumba ya mawe ni heshima, na ni alama kwamba mtu amekaa wala hafukuziki.

Lakini jiwe silo kosa. Kosa ni kulipanga jiwe lile kwa ramani iliyochorwa kwa ajili ya mji wenye baridi, kisha kumwacha mtoto wa shule akae chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana, na kumtazamia ashinde mtihani ule ule na mwenzake wa Nyeri. Kosa ni kuchukua umbo la nje la nyumba ya mjini na kuacha akili ya nyumba ya mashambani.

Historia inatueleza kwa nini tumefika hapa. Sera ya serikali ya mwaka 1965, ile Hati Nambari 10, ilielekeza fedha za maendeleo kule kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, kwa matumaini kwamba faida yake ingewafikia wengine baadaye. Kaskazini ilingoja. Sheria za hali ya hatari zilizoanza wakati wa uhuru hazikuondolewa hadi 1991. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoanzisha Hazina ya Usawazishaji, ambayo hutengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa, na tangu 2013 Garissa ina serikali yake ya kaunti. Fedha za kujengea zipo sasa kuliko wakati wowote uliopita. Lakini fedha zikitangulia na ujuzi ukachelewa, tutapata kuta nyingi na nyumba chache.

Tazama pia Dadaab, katika kaunti hii hii. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa kusudi la kuwahifadhi watu wapatao 90,000. Kufikia 2011, mwaka wa ukame mkuu, idadi ilikuwa imepita 400,000. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wamezaliwa, wakaoa na wakazikwa katika makazi yanayoitwa ya muda. Humo akina mama wa Kisomali walichukua maturubai ya wafadhili wakayafunika juu ya matao ya vijiti, wakajenga walichokijua. Mji mkubwa ulisimama bila ya mtu kuwauliza wajenzi wake maoni. Hapana shaka hilo ni somo kwa kila mwanafunzi wa usanifu katika nchi hii, na darasa lake liko mwendo wa saa chache kutoka Garissa mjini.

Wenzetu wengine wameonyesha njia. Francis Kéré alizaliwa kijijini Gando, Burkina Faso, mahali pa joto kama letu. Alikuwa bado mwanafunzi mjini Berlin alipokusanya fedha na kuwajengea watu wa kwao shule ya msingi, iliyokamilika 2001. Alitumia matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, na bati akaliinua juu ya dari ili upepo upite kati yake. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao. Mwaka 2022 alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, iliyo kuu kuliko zote katika fani hii, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Mkono wake umefika hata hapa Kenya: huko Turkana, chuo cha vijana alichokichora kilimalizika mwaka 2021, nacho kina minara ya kutolea hewa moto iliyofuata mfano wa vichuguu vya mchwa.

Kutoka kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, upo mfano mwingine. Mwaka 2015 vijana wachache wenye asili ya Kisomali waliokuwa wakisomea usanifu ughaibuni, mmoja wao Yusuf Shegow wa Manchester, waliungana na kuanza kuyachora upya kwa kompyuta majengo ya Mogadishu yaliyobomolewa na vita. Walitafuta picha za kale, wakawauliza wazee, wakaujenga mji wa wazazi wao katika kioo kabla ya kuujenga katika ardhi. Hawakuwa na ofisi wala kandarasi. Walikuwa na umoja, na umoja ule uliwafundisha yale ambayo darasa halikuwa na nafasi ya kuyafundisha.

Hata hivyo, nisimsifu msanifu kupita kiasi. Mmisri Hassan Fathy, bingwa wa nyumba za udongo, alianza kujenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor katika miaka ya 1940, kizuri cha kustaajabisha, na wenyeji waliokusudiwa wakakataa kuhamia humo. Nia njema na macho mema hayatoshi pale ambapo mwenye kulala ndani hana ridhaa. Msanifu asiyeuliza ni mgeni hata akiwa mzaliwa.

Basi ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, jamaa ya wasanifu majengo wa Kenya ifungue mlango wake kwa makusudi. Sheria inataka mtu awe na shahada, afanye mazoezi chini ya aliyesajiliwa, kisha apite mtihani wa Bodi, ndipo aitwe msanifu. Sharti hilo la katikati ndilo linalowakwamisha watoto wa wafugaji, kwani hawana wa kuwapokea. Kila ofisi kubwa ya Nairobi ikimchukua kijana mmoja wa kaskazini kila mwaka, kizazi kimoja hakitapita kabla ya mambo kubadilika.

Pili, kaunti zetu za Garissa, Wajir na Mandera zisilipe basari tu na kuondoka. Ziwaite vijana hao nyumbani wakati wa likizo, ziwape shule moja au zahanati moja waipime joto lake, waichore upya, na michoro yao ijadiliwe hadharani mbele ya wazee na akina mama. Ramani ya jengo la umma isiidhinishwe mpaka ioneshe kivuli kitaangukia wapi na upepo utaingilia wapi.

Tatu, vijana wenyewe waende kwa nyanya zao na utepe wa kupimia. Wafugaji wanaojua kuisuka aqal wanapungua kadiri mifugo inavyokufa na watu wanavyohamia mjini. Kila mama anayefariki bila ya kuulizwa huondoka na maktaba, na maktaba hiyo haina nakala nyingine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Jamaa ya wasanifu ikimkaribisha kijana wa Garissa, isidhani kwamba inamfanyia hisani ya bure. Nchi yetu kwa sehemu kubwa ni kame, na jua halipungui makali. Majengo ambayo Kenya itayahitaji katika miaka ijayo yatafanana zaidi na yale yanayohitajiwa Garissa leo kuliko yale ya milimani. Anayekuja akiwa na kumbukumbu ya kulala uani chini ya nyota hakuja mikono mitupu. Amekuja na swali ambalo wasanifu wetu wengi hawajapata kuulizwa, na heri walisikie sasa kabla halijawafikia majumbani mwao.