Kabla hujauzia mtu wa skrepa kalkuleta ya guka

Kama unaishi Ruiru, unajua shamba la kahawa likigeuzwa ploti, stoo ya zamani ndiyo hubomolewa kwanza. Tuseme wewe ndiye umetumwa kutoa vitu. Guka alikuwa sorveya, na kwenye droo unapata kalkuleta nzito iliyoandikwa HP-41C, pamoja na kijisanduku cheusi cha plastiki kilichobanduka stika. Mtu wa skrepa yuko getini anapiga kelele. Mwambie angoje.

Mashine hiyo ilitoka 1979, na wanaanga wa Marekani waliibeba kwenye vyombo vyao. Juu ina matundu manne, na hicho kijisanduku ni moduli ya kuchomeka hapo. Moduli nyingine ni kumbukumbu tupu: ile ya kawaida huongeza rejista 64. Nyingine zina programu za kiwandani, kama za hisabati au za kupima ardhi, na hizo hazifutiki hata betri zikiisha.

Lakini zile alizoandika guka mwenyewe hufutika. Zinashikiliwa na betri. Kama skrini bado inawaka, usizitoe! Ukikawia hata dakika moja kuzirudisha, unaweza kukutana na maneno MEMORY LOST, na hapo hesabu zake za miaka zimeenda. Chukua kalamu, nakili mstari kwa mstari. Ukipata XROM 03 humo, ujue programu inaita moduli ya kupima ardhi ambayo haijachomekwa. (01 ni ya hisabati.) Pengine ndiyo hiyo umeshika mkononi.

Utajuaje? Zima kalkuleta kwanza. Kuchomeka ikiwa imewaka kunaweza kuiharibu. Chomeka, washa, bonyeza kitufe cha rangi ya dhahabu, kisha ENTER, halafu 2. Orodha itapita ikianza na jina la moduli. Ile ya kumbukumbu haitajitaja.

Ikikataa kuwaka, mara nyingi shida ni betri zilizovuja. Pangusa ile kutu kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, uache ikauke kabisa. Kisu weka mbali, bana: njia za umeme humo ni shaba iliyopakwa juu ya utepe laini wa plastiki, na ukiukwaruza umeua.

Betri zenyewe ni nne, aina ya N, volti 1.5 kila moja. Ukizunguka madukani Thika, kuwa macho usipewe ile ya rimoti ya geti. Kwa umbo zinakaribiana, lakini hiyo ni volti 12.

Na kama kumbukumbu ilishakufa kitambo, rudi kwenye droo utafute vijikadi vyembamba vya sumaku. Masorveya wengi walihifadhi programu zao humo.

Mtu wa skrepa mpe mabati.