Haki ya mkimbizi kutorudishwa hatarini (2): Yaliyotokea kwenye reli ya Ubundu

Juma lililopita tulieleza kifungu cha 33 cha Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, kinachokataza nchi kumfukuza au kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya asili yake, dini yake, uraia wake, kundi lake katika jamii au siasa yake. Ukieleza sheria hii Kisangani, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: je, inamlinda hata muuaji? Halitoki hewani. Watu wa Lubunga, wa Lula na wa vijiji vya kandokando ya reli mpaka Ubundu waliwaona wakimbizi wa Rwanda mwaka 1997, na waliona pia namna walivyoondoka. Basi tulijibu swali hilo kwa kufuata reli.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, zaidi ya Wanyarwanda milioni moja walivuka mpaka na kuingia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, upande wa Goma na wa Bukavu. Ndani ya umati ule walikuwamo askari wa jeshi lililoshindwa, wanamgambo wa Interahamwe na wakubwa wa serikali walioongoza mauaji. Walikuwamo pia, na ndio waliokuwa wengi, wakulima, akina mama wajawazito, vikongwe na watoto wasiojua lolote. Kambi ziliwekwa jirani kabisa na mpaka, ingawa Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, wa mwaka 1969 unataka wakimbizi wakalishwe mbali kiasi na nchi waliyoikimbia. Umoja wa Mataifa uliomba askari wa kuwatenga wenye silaha na raia. Mataifa hayakuwatoa. HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikaishia kugharimia kikosi cha askari wa Zaire ili angalau pawe na utulivu kambini. Pumba na mchele vikabaki katika ungo mmoja kwa miaka miwili, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

Agosti 1995 serikali ya Zaire ilijaribu kuwarudisha kwa nguvu. Katika siku chache watu wapatao 15,000 walisukumwa mpakani, kisha kazi hiyo ikasimamishwa kwa kelele za dunia. Mwaka uliofuata hapakuwa tena na wa kusimamisha kitu. Kuanzia Oktoba 1996 vikosi vya waasi wa AFDL pamoja na jeshi la Rwanda vilishambulia kambi moja baada ya nyingine. Katikati ya Novemba, umati wa zaidi ya nusu milioni ulirudi Rwanda kupitia Goma. Mamia ya maelfu wengine walishika njia ya magharibi, msituni.

Hao ndio waliotufikia. Walipitia Walikale, wakapiga kambi Tingi-Tingi karibu na Lubutu, ambako Sadako Ogata, mkuu wa HCR, alikwenda kuwaona Februari 1997. Mwezi huo ulipokuwa unakwisha, Tingi-Tingi nayo ikaanguka. Waliosalia walisonga hadi Ubundu, wakavuka mto kwa mitumbwi, wakafuata reli kuelekea Kisangani. Tarehe 15 Machi mji ulikuwa umeshaingia mikononi mwa AFDL, na wakubwa wapya hawakutaka kuwaona wakimbizi mjini. Wakakwama njiani: kilomita ya 25, pale Kasese, na kilomita ya 41, pale Biaro. HCR ilikadiria kwamba walikuwa watu wapatao 80,000. Wengi hawakuwa na nguvu hata ya kusimama. Kipindupindu, malaria na njaa vilikuwa vinawamaliza kila siku.

Aprili 1997 njia ya kwenda kambini ilifungwa kwa mashirika ya misaada. Tarehe 22 askari walishambulia Kasese. Wafanyakazi wa misaada waliporuhusiwa kufika, walikuta kambi tupu. Biaro nayo ilipata yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile inayochunguza makosa makubwa yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, inaeleza mauaji hayo mahali kwa mahali. Inataja pia kwamba baadhi ya wanavijiji walishiriki katika shambulio la Kasese. Hatupendi kulisoma hilo sisi wa mkoa huu wa Tshopo, lakini limeandikwa.

Mwishoni mwa Aprili, Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa AFDL, aliupa Umoja wa Mataifa siku 60 za kuwaondoa wakimbizi wote. Ndipo ndege zilipoanza kuwapeleka Kigali kutoka Kisangani, na makumi ya maelfu wakarudishwa. Kutoka kilomita ya 41 waliletwa kwa treni hadi ng'ambo ya kushoto, kisha wakavushwa mto kuelekea uwanja wa ndege. Tarehe 4 Mei treni moja iliyotoka Biaro ilijazwa kupita kiasi. Milango ya mabehewa ilipofunguliwa, watu 91 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa na kukanyagwa. Walikufa wakiwa mikononi mwa waliotumwa kuwaokoa.

Sasa tuitazame sheria. Kifungu cha 5 cha Mkataba wa OAU kinasema mkimbizi harudishwi kwao ila kwa hiari yake. Mtu aliyelala matopeni Biaro, mwanawe amekufa, nyuma yake risasi, mbele yake ndege, akisema "ndiyo" amesema kwa hiari gani? HCR ilijitetea kwamba ilikuwa inaokoa roho, na kwa hali ya siku zile sioni ingefanya nini kingine. Lakini kuokoa roho ni jambo moja, na kurudi kwa hiari ni jambo jingine. Aliyevunja sheria ni yule aliyeziba kila mlango ukabaki mmoja. Kanuni ya kutorudishwa huvunjwa hivyo pia, bila askari kumshika mtu mkono na kumburura hadi mpakani.

Na muuaji je? Mkataba wa Geneva, kifungu cha 1 herufi F, unamnyima hadhi ya ukimbizi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda jinai ya kivita au jinai dhidi ya ubinadamu. Mkataba wa OAU unasema vivyo hivyo. Tena kifungu cha 33 chenyewe, katika aya yake ya pili, hakimkingi mkimbizi ambaye ni hatari kwa usalama wa nchi iliyompokea. Kwa hiyo jibu ni la: sheria ya wakimbizi haikuandikwa ili kumficha muuaji. Ila haimtupi pia kwenye mateso. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, ambao Zaire ilijiunga nao mwaka 1996, unakataza katika kifungu chake cha 3 kumpeleka mtu yeyote mahali atakapoteswa, na hapo hakuna cha isipokuwa. Njia ya haki kwa waliotuhumiwa ilikuwapo: mahakama ya kimataifa ya Arusha kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994.

Jambo lenyewe ni kwamba hukumu hizi ni za mtu mmoja mmoja. Lazima aketishwe, aulizwe ametoka tarafa gani, alikuwa nani, alifanya nini mwaka 1994, anaogopa nini akirudi. Ahojiwe kwa lugha anayoielewa, na majibu yake yaandikwe. Ni kazi ya polepole, inayochosha, na haiwezi kufanywa kwa umati. Ndiyo maana wenye haraka huiruka.

Kisangani kazi hiyo ilirukwa mara mbili. Baada ya vita, HCR ilikuwa na kambi ya muda hapa mjini, ambamo waliobaki, Wanyarwanda na Warundi, walikuwa wanasubiri kusikilizwa. Tarehe 4 Septemba 1997 askari waliizingira kambi, wakawapakia mamia ya watu katika ndege, wakawapeleka Kigali. Hata Warundi walipelekwa Rwanda, nchi isiyo yao! Siku tano baadaye HCR ilisimamisha shughuli zake kwa wakimbizi wa Rwanda nchini Kongo. Kwangu mimi, siku hiyo ya 4 Septemba ni nzito kuliko inavyokumbukwa. Biaro tunaweza kusema palikuwa na vita na vurugu. Septemba hapakuwa na vita mjini, serikali ilikuwa Kinshasa, na waliochukuliwa ni wale wale ambao kesi zao zilikuwa mezani.

Tusidhani ni dhambi ya Kongo peke yake. Tanzania, iliyosifiwa miaka mingi kwa ukarimu, ilitangaza Desemba 1996, ikiwa pamoja na HCR, kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Waliojaribu kukimbilia ndani ya nchi waligeuzwa na askari. Kwa upande mwingine, Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha amri ya serikali ya kufunga kambi ya Dadaab, ikisema kuwarudisha Wasomali kwa jumla kunavunja katiba na sheria. Huo ndio uzito wa kuwa na jaji ambaye unaweza kumfikia kabla ndege haijaruka.

Sisi tulipata chombo chetu miaka mitano baada ya Septemba ile. Sheria namba 021/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliunda Tume ya Taifa ya Wakimbizi, CNR, yenye kazi ya kupokea maombi na kuyaamua, pamoja na tume ya rufaa kwa anayekataliwa. Katiba ya 2006 inatambua haki ya hifadhi, na kwa sadfa ya kupendeza imeiweka katika kifungu cha 33. Katiba hiyo hiyo inamkataza aliyepewa hifadhi kufanya uasi dhidi ya nchi alikotoka, sharti ambalo kama lingesimamiwa Goma mwaka 1994 huenda Biaro isingekuwapo.

Msomaji, ukimkuta mgeni asiye na karatasi, awe wa Sudan Kusini, wa Afrika ya Kati au wa Burundi, anayesema amekimbia, mwelekeze CNR au HCR, na ukiwa chifu wa mtaa au afisa wa uhamiaji, DGM, mwandike na umpeleke huko. Kuingia bila viza hakumpotezei haki ya kusikilizwa, na mpaka asikilizwe hakuna mwenye ruhusa ya kumgeuza. Juma lijalo tutawaendea watu waliokimbia vita vya Wambole na Walengola wakaja kujihifadhi hapa mjini. Kwa kuwa hawakuvuka mpaka wa nchi, kifungu cha 33 cha Geneva hakiwahusu. Kinachowahusu ni Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009.