Unalala na gari porini? Chagua kambi mapema!

Washkaji wa mjini wakishakodi gari lenye hema juu ya paa, wanadhani watalala popote. Thubutu! Serengeti na Ngorongoro huegeshi gari ukalala utakapo. Ni kambini, tena umeshalipia.

Kambi ni za aina mbili. Za umma zina vyoo, maji na banda la kupikia, ila mtabanana na wageni wengine. Kambi maalumu mnakuwa peke yenu, lakini hakuna choo wala bomba, bei iko juu na nafasi unaomba mapema. Maji beba mwenyewe.

Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake si mchezo. Vishuka vya Dar acha nyumbani!

La muhimu zaidi: kambi nyingi hazina uzio, na usiku fisi na simba hujipitia. Usilale na nyama wala matunda hemani. Ukibanwa na haja, mulika tochi kwanza. Ukiona macho yanang'aa, rudi ndani. Bora ubanwe kuliko uliwe.

Fika kabla jua halijazama, uone unapoegesha. Kazi kwako!