Orka wana ugomvi gani na boti?

Tangu 2020, mabaharia wanaopita Mlangobahari wa Gibraltar na pwani za Hispania na Ureno wanasimulia kisa kilekile. Orka, yule aitwaye nyangumi muuaji ingawa kwa ukoo ni pomboo, hutokea nyuma ya boti ya tanga, akajipenyeza chini na kuusukuma usukani kwa kichwa mpaka uvunjike. Boti kadhaa zimezama, ikiwemo Alboran Cognac, Mei 2024. Hakuna mtu aliyeuawa.

Hadithi ya White Gladis, orka jike anayedaiwa kulipiza kisasi, ilienea mitandaoni kwa kuwa ni tamu kusimulia. Ushahidi wake ni haba. Watafiti wengi wanaegemea mchezo: wanaohusika zaidi ni vijana, na usukani ukishavunjika mara nyingi huenda zao. Na orka huigana sana. Mwaka 1987 wenzao wa Pasifiki walizuka na mtindo wa kubeba samaki mfu kichwani, kisha wakauacha. Jodari, ambao ndio chakula chao, nao wameongezeka tena Gibraltar, kwa hiyo nafasi ya kucheza ipo.

Mamlaka za Hispania zinashauri boti isisimame, bali ielekee maji ya kina kifupi.