Mngurumo wa Kuuza Ng'ambo ya Malaba

Msanii wa Bungoma akialikwa kutumbuiza Nairobi, ana karibu kilomita 400 za barabara mbele yake. Akigeukia magharibi, mji wa mpakani wa Malaba ni mwendo usiofika saa moja kwa matatu, na kutoka nyumbani kwake hadi Jinja, Uganda, ni kama kilomita 170 tu. Tangu 2014 Mkenya anavuka mpaka huo kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Naanza na kilomita kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayoamua hatima ya biashara moja ambayo wazee wengi wa Kitale na Bungoma bado wanaiona kelele za vijana waliokosa kazi: muziki wa trapu metali.

Zamani watu wazima waliita rapu muziki wa kufokafoka. Trapu metali sasa ni kufoka kwenyewe, koo likikaribia kuchanika. Chini yake kuna besi iliyozaliwa na mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya mwaka 1980, ikapotoshwa makusudi mpaka inanguruma, na juu yake magitaa mazito ya metali, au sauti za kompyuta zinazoyaiga. Huko nje waliojenga soko lake ni watu kama Ghostemane wa Florida, kundi la Ho99o9 la New Jersey, na Scarlxrd wa Wolverhampton, Uingereza.

Sababu ya muziki huu kuenea ni ya kiuchumi kabla ya kuwa ya kisanaa. Bendi ya metali ya kawaida inadai seti ya ngoma, magitaa mawili au matatu, vikuza sauti, chumba ambacho majirani hawatalalamikia, na watu wanne au watano wa kulipiwa nauli. Mfokaji wa trapu metali anahitaji kompyuta, maikrofoni moja na programu kama FL Studio, ambayo mnunuzi wake hupewa matoleo mapya bure maisha yake yote. Akisafiri, anasafiri peke yake na kifaa mkobani. Katika mji kama Kitale, ambako gitaa zuri la umeme ni kitu cha kuagiza, tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha kijana kuanza leo badala ya kungoja miaka mitano.

Mfano wa karibu wa kazi iliyofika mbali kwa njia hii ni wa Martin Kanja, Mkenya anayejulikana jukwaani kama Lord Spikeheart. Alitokea katika bendi za metali za Nairobi, kisha yeye na Sam Karugu wakaunda kundi la watu wawili, Duma. Msomaji wa Kiswahili atamfikiria mnyama mwenye mbio. Lakini jina lenyewe limetokana na neno la Kikuyu la giza. Mwaka 2019 walirekodi albamu yao, nayo haikurekodiwa Nairobi. Walikwenda Kampala, kwenye studio ya Nyege Nyege, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ikaitoa Agosti 2020, wakati korona imefunga kumbi za dunia nzima. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa mshangao na heshima. Mwaka uliofuata Lord Spikeheart alisikika kwenye Tewari, albamu ya Mjapani Scotch Rolex iliyotolewa na Hakuna Kulala, lebo dada ya hiyo ya Kampala. Mwaka 2024 akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, chini ya lebo aliyoianzisha, Haekalu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ningependa kila kijana mwenye kompyuta pale Webuye au Kiminini aitafakari. Kuwa na lebo yako ni kumiliki rekodi yenyewe. Anayerekodi kwa mkopo wa mtu mwingine mara nyingi huacha haki ya rekodi kwa aliyelipia, na kila shilingi inayoingia baadaye, iwe ya kusikilizwa mtandaoni au ya kutumiwa kwenye filamu, hupita kwanza mfukoni mwa yule. Lord Spikeheart alijifunza kazi ndani ya lebo ya wengine, akapata jina, ndipo akajenga nyumba yake. Kwenye The Adept alimwalika Backxwash, mzaliwa wa Zambia anayeishi Montreal, mshindi wa Tuzo ya Polaris ya Kanada ya 2020, ambayo zawadi yake ilikuwa dola 50,000 za Kanada. Mfokaji wa Kenya na mfokaji wa Zambia wakakutana kwenye soko ambalo halikuwapo miaka kumi kabla.

Tena aliingia sokoni na kitu ambacho hakuna mtu wa Florida anayeweza kukiiga. Albamu hiyo imebeba kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyebaki msituni mpaka uhuru, aliyekatwa nywele zake ndefu za vita mwaka 2022 na kufariki Septemba 2023. Lord Spikeheart ni wa ukoo wake. Mnunuzi wa Berlin ana wafokaji tele karibu naye; anachokosa ni historia hiyo.

Hapo ndipo moyo wangu unapodunda nikiifikiria Bungoma. Mlima wa Chetambe, juu ya Webuye, ndipo Wabukusu walipopigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Kimilili ilimtoa Elijah Masinde, mwanasoka aliyegeuka nabii wa Dini ya Msambwa, akafungwa na wakoloni na kisha na serikali huru; alifariki 1987. Litungu, kinanda cha nyuzi saba, bado kinapigwa harusini na matangani. Na kijana wa Kibukusu anapokwenda kuwaalika jamaa kwenye tohara yake hupiga chinyimba, kengele za chuma zinazogongana na chuma kifundoni mwa mkono, mlio mkali unaosikika kabla yeye hajaonekana. Metali tunayo tangu zamani! Malighafi ipo bure, na nikisikia kijana wa hapa akifoka kwa lafudhi ya Florida juu ya mambo ya Florida, naona mfanyabiashara anayeagiza mahindi kutoka nje huku ghala la baba yake limejaa.

Soko la nyumbani, hata hivyo, lazima lisemwe lilivyo. Hakuna ukumbi Kitale wala Bungoma unaoishi kwa muziki huu. Fedha ya burudani hapa hufuata kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mahindi: Trans Nzoia, makao ya Kenya Seed tangu 1956, hupata pesa mkononi kuanzia Oktoba wakulima wanapovuna, na kabla ya hapo mifuko ni mikavu. Ya pili ni ya tohara, ambayo kwa Wabukusu huja miaka ya shufwa, Agosti ikiwa kilele. Msimu huo spika, jenereta na vijana wanaojua kuunganisha nyaya huajiriwa usiku na mchana. Kati ya misimu hiyo kuna disko matanga, dansi za usiku za matangani, ambazo maafisa wa serikali wamepiga marufuku mara kwa mara wakizihusisha na mimba za wasichana wa shule na uhalifu wa usiku, na ambazo hurudi kila marufuku ikisahaulika. Marufuku hiyo naiunga mkono linapokuja suala la watoto. Lakini mwenye kuangalia biashara hawezi kufumba macho: mafundi wengi wa sauti wa mkoa huu walijifunzia kazi kwenye shughuli za aina hiyo. Viwanda vilivyokuwa vikiwapa vijana ajira vimeyumba: Pan Paper ya Webuye ilisimama 2009 na Nzoia Sugar ikazama kwenye madeni. Spika za kukodisha zilibaki.

Redioni, West FM ya Bungoma na vituo vya lugha za huku vina wasikilizaji wao, nao wanataka nyimbo za injili, lingala na za Kibukusu. Siwalaumu. Mtangazaji anauza matangazo ya mbegu na sabuni, na mkulima anayekamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri hataki kufokewa.

Kwa hiyo mapato ya mfokaji lazima yatoke mbali, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanahesabu mirabaha ya vyama. Mwaka 2019 MCSK, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, iliwagawia wanachama wake shilingi 2,530 kila mmoja, kiasi kilichowakasirisha wanamuziki nchini kote, na mivutano ya leseni kati ya chama hicho na bodi ya hakimiliki, KECOBO, imerudi tena na tena; mwaka 2017 leseni ilikwenda kwa chama kingine kabisa, MPAKE. Wengine wanaitegemea Spotify, iliyofika Kenya 2021. Tangu 2024 jukwaa hilo halilipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12, na hata ukivuka hapo, kila usikilizaji unaleta sehemu ndogo tu ya senti ya dola. Mwimbaji wa harusi mwenye mashabiki laki moja anaweza kuishi na mfumo huo. Mfokaji mwenye mashabiki 400 waliotapakaa kutoka Warsaw hadi Osaka atakufa njaa nao.

Mashabiki 400 hao, lakini, wananunua. Wapenzi wa metali ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao bado wanalipia albamu nzima, kaseti, sahani za santuri na fulana. Kwenye Bandcamp albamu ikiuzwa dola 10, jukwaa linakata asilimia 15, zinabaki dola 8.50 kabla ya ada za kutuma fedha. Kwa kiwango cha kama shilingi 129 kwa dola, hizo ni takriban shilingi 1,100. Wanunuzi watatu tu wanamwingizia zaidi ya ule mgao wa 2019 wa MCSK. Tangu 2018 fedha ya PayPal inaweza kuhamishiwa M-Pesa, kwa hiyo inafika hadi kibanda cha wakala pale Chwele. Na mapato ya maudhui ya kidijitali sasa yana kodi ya zuio ya asilimia 5 chini ya Sheria ya Fedha ya 2023. Kijana na aweke kumbukumbu za mauzo yake tangu wimbo wa kwanza.

Jukwaani ndiko kwenye fedha zaidi, na ndiko kwenye hatari zaidi. Ombi la visa ya Schengen linagharimu yuro 90 tangu Juni 2024, hazirudishwi hata ukinyimwa, na alama za vidole hazichukuliwi Bungoma. Ongeza nauli ya Nairobi kwenda na kurudi, malazi, na siku za kazi zilizopotea. Msanii asiye na mwaliko wa maandishi wala ushahidi wa kutumbuiza nje ya mtaa wake anacheza kamari na fedha za familia.

Ndiyo maana nasema Jinja. Tamasha la Nyege Nyege lilianza huko mwaka 2015, nalo huwaleta mawakala na waandishi wa muziki wa Ulaya hadi kwenye kingo za Nile, mwendo wa nusu siku kutoka Bungoma. Duma walisikika kwa dunia kupitia watu hao hao wa Nyege Nyege. Hatari ipo: mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitangaza kulipiga marufuku, na 2022 Spika wa Bunge akataka lisifanyike; mara zote mbili liliruhusiwa dakika za mwisho. Aliyetumia akiba yake yote kwa safari moja angeweza kupoteza kila kitu kwa tangazo la alasiri moja.

Lakini tazama kalenda. Mwaka 2024 ulikuwa wa tohara. Spika zilikodishwa Agosti kutoka Sirisia hadi Tongaren, na Nyege Nyege ikafanyika katikati ya Novemba, wakati malori ya mahindi yanapanga foleni Kitale. Kijana aliyefunga nyaya Agosti na kuweka malipo yake kwenye M-Pesa alikuwa na nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha siku nne, na mkobani fulana za kuuza.