Bustani za Dodoma zina somo kwa wauza mashamba wa Mpemba

MFANYABIASHARA wa mahindi au maharage anayetoka Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma mkoani Songwe, anapofika Dodoma huwa na mambo mawili kichwani: bei ya Kibaigwa na saa ya basi la kurudi. Akishuka Stendi Kuu ya Nanenane huingia Soko la Job Ndugai lililo jirani, akauliza bei, akapiga simu mbili tatu, na muda unaobaki akaumalizia stendi amekalia mzigo wake.

Wachache hupanda daladala hadi katikati ya jiji kukaa Nyerere Square. Wanaofanya hivyo hurudi nyumbani na habari isiyohusu mapumziko peke yake.

Uwanja huo, wenye sanamu ya Mwalimu Nyerere, ni eneo la wazi lililozungukwa na maduka na ofisi. Jua likishapungua makali watu huanza kufika: wanafunzi, wafanyakazi waliotoka kazini, wazazi na watoto. Nyuma yao hufuata anayeuza karanga, anayeuza bisi, mwenye maji baridi, mpiga picha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelipa pango la fremu. Mtaji wao ni beseni, ndoo au kamera, na kilichobaki wanafanyiwa na uwanja wenyewe, yaani kuwakusanyia wateja wasio na haraka. Mfanyabiashara yeyote wa Tunduma anajua tofauti ya mteja anayekimbilia mpaka na mteja aliyekaa chini.

Mwenye nafasi zaidi anaweza kufika bustani ya Chinangali, ambako halmashauri ya jiji imeweka mahali pa kupumzikia na michezo ya watoto. Mwenye usafiri wake anaweza kupita Mzakwe, upande wa kaskazini, kwenye eneo la visima vinavyolisha jiji maji. Hapo ndipo kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani ilipozinduliwa Desemba 2017 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Kupanda miti pale si urembo. Ni kulinda chanzo cha maji ya mji ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu 410,956 na katika sensa ya 2022 ukahesabiwa zaidi ya 765,000.

Ikumbukwe kwamba Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Mche uliopandwa Januari ukiachwa bila maji Juni, umekufa Agosti. Ndiyo maana mwarobaini umejaa mitaani kule: unavumilia ukame na kivuli chake ni kizito. Kila kipande cha majani mabichi anachokiona mgeni katikati ya jiji kina gharama ya maji na mtu wa kumwagilia. Mpemba, inayopata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, majani huota yenyewe, na kazi ni kuyafyeka.

Hata hivyo, nafasi hizo za wazi za Dodoma hazikuja bila maumivu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa mwaka huohuo, na mpango wa mji uliokamilika mwaka 1976 ukachora nafasi kubwa za wazi kati ya makazi. Kwa miaka zaidi ya 40 wananchi waliokuwa na mashamba ndani ya mchoro huo walilalamika kuhusu ardhi yao. Malalamiko hayo yalikuwa sababu mojawapo ya Rais John Magufuli kuivunja CDA Mei 2017 na kazi zake kupelekwa kwenye halmashauri. Mkulima wa Mpemba anayesikia neno "mpango mji" na kushika jembe lake kwa nguvu zaidi, basi, si mkorofi. Ana sababu.

Upande wa pili wa sarafu uko Dar es Salaam. Maeneo mengi yaliyochorwa kuwa ya wazi yalivamiwa, mengine yakamilikishwa kwa hati. Profesa Anna Tibaijuka, alipokuwa Waziri wa Ardhi kati ya 2010 na 2014, aliendesha kampeni ya kuyarudisha na kubomoa kulizua kelele kubwa. Yaliyosalia yanaonyesha thamani yake. Coco Beach isingekuwa ufukwe wa wazi, mihogo ya kukaanga ya pale, ambayo mkulima wake yuko mbali na bahari, isingekuwa na jina.

Zanzibar nao wana Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe. Bustani hiyo ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wauza urojo, mishikaki na juisi ya miwa hawakufukuzwa kupisha maua. Walipangiwa sehemu yao, na usiku mgeni anakuja kwa ajili ya chakula kama anavyokuja kwa ajili ya upepo wa bahari. Halmashauri nyingi za bara hufanya kinyume: hujenga bustani, huizungushia uzio, kisha huwakimbiza mama lishe.

Turudi Mpemba. Hapa ndipo barabara ya kwenda Isongole, wilayani Ileje na mpakani mwa Malawi, inapochepuka kutoka barabara kuu ya Zambia. Kuna mizani, kuna malori, na foleni ya mpakani ikizidi madereva hukaa barabarani saa nyingi. Kivuli chao ni cha lori lenyewe. Mamlaka ya Mji wa Tunduma ilikuwa na watu chini ya 100,000 mwaka 2012. Mwaka 2022 walizidi 200,000. Watu hao wanajenga, na wanajenga kuelekea Mpemba kwa kuwa upande mwingine ni Zambia.

Kwa hiyo mashamba ya mahindi yanauzwa viwanja. Mara nyingi mwenye shamba humwita dalali, wakapima kwa hatua, wakaacha njia ya kupita pikipiki, wakauza. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000, yaani viwanja kumi vya mita 20 kwa 20 kama hakuna barabara. Ukitoa barabara zinazostahili vinabaki kama saba. Sehemu ya watoto kuchezea haimo kwenye hesabu ya mtu.

Hebu tuiweke hesabuni, kwa namba za mfano tu. Mkulima mwenye ekari kumi anapata viwanja 70. Akiuza kila kimoja Sh3 milioni anapata Sh210 milioni. Akiacha ekari moja wazi anabaki na viwanja 63, na ili apate fedha ileile kila kiwanja lazima kiuzwe takriban Sh3.33 milioni, yaani ongezeko la asilimia 11. Je, mnunuzi ataongeza? Anayejenga kutazamana na uwanja, penye nafasi ya kufungua duka au mgahawa, huenda akaongeza zaidi ya hapo. Aliye safu ya nne nyuma huenda asiongeze hata shilingi.

Tatizo kubwa zaidi ni jirani. Mkulima mmoja akiacha ekari yake, wa pembeni ambaye hakutoa hata hatua moja naye hutangaza viwanja "karibu na uwanja" na kuuza kwa bei ya juu. Anayetoa hubeba hasara peke yake na faida hugawanywa kwa wote. Kumtegemea mtu mmoja mwenye moyo mwema hapa ni kujidanganya.

Njia inayowezekana ni wenye mashamba yanayopakana kupeleka ardhi yao halmashauri kwa pamoja kabla ya kuuza, wachorewe mchoro mmoja chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na eneo la wazi likatwe kwa uwiano kutoka kwa kila mmoja. Mwenye ekari kumi achangie zaidi ya mwenye mbili. Mchoro ukishaidhinishwa, kulibadili eneo la wazi kuwa viwanja kunahitaji utaratibu wa kisheria, siyo maneno ya dalali. Gharama ya upimaji ikigawanywa kwa watu 20 nayo huwa ndogo kuliko kila mmoja kuita mpimaji wake. Mkulima anayepeleka ardhi adai kwenye maandishi, kabla ya kusaini chochote, viwanja vyake vitakuwa vingapi na vipi. Yaliyowakuta wenzao wa Dodoma yanatosha kuwa onyo.

Mkoa una sehemu za kutembelea, kikiwamo kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, kinachokadiriwa kuwa na tani 16, lakini mama wa Mpemba hawezi kumpeleka mtoto kimondoni kila Jumapili jioni.

Kuna na biashara ya miche. Ofisi, shule na nyumba mpya za Dodoma zinahitaji miti ya kivuli na maua, na wanaouza miche kandokando ya barabara kule wanaishi kwa hilo. Songwe ujuzi upo tayari. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kipo Mbimba, Mbozi, na kaya nyingi zinajua kujaza viriba, kuweka kivuli na kung'oa magugu kwenye kitalu cha kahawa au parachichi. Kitalu cha miti ya kivuli hakina siri nyingine. Kusafirisha miche hadi Dodoma hakulipi kwa mtu mwenye viriba mia mbili, lakini Tunduma yenyewe inajengwa kila siku, na nyumba nyingi mpya hazina hata mti mmoja uani.

Mvua za Mpemba huanza Novemba. Mche wa kupandwa Desemba unapaswa kuwa ndani ya kiriba mwezi Julai, au Agosti mwanzoni kwa aliyechelewa.