Barua Pepe Iliyokwama Kwenye Foleni: Mambo Ambayo Mtumiaji Anapaswa Kuyajua

Chukulia kwamba unamiliki nyumba ya wageni mjini Bagamoyo. Saa nne asubuhi unatuma kwa barua pepe hati za zabuni ambazo mwisho wa kupokelewa ni saa kumi jioni ya siku hiyo. Simu yako inaonyesha neno "Imetumwa". Je, hati zimefika? Si lazima. Neno hilo huthibitisha tu kwamba barua imepokelewa na seva ya mtoa huduma wako. Safari ya kwenda kwenye seva ya mpokeaji huwa bado ipo.

Foleni ni nini?
Seva ya mpokeaji isipopatikana, au intaneti ikiyumba kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024 kutokana na hitilafu ya mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy, barua haitupwi. Huwekwa kwenye foleni na seva hujaribu kuituma tena na tena, mfano wa shehena inayosubiri bandarini hadi jahazi lipate upepo. Kwa kawaida majaribio hayo huendelea kwa siku 4 hadi 5. Muda huo ukiisha, barua hurudishwa kwa mtumaji pamoja na sababu.

Zipo pia barua zilizozuiliwa kwa kutiliwa shaka. Hizi hazijaribiwi kutumwa. Hubaki hadi msimamizi wa seva azikague na kuziruhusu. Ndiyo maana mtoa huduma makini hukagua foleni yake mara kwa mara. Foleni inayorefuka ghafla ni dalili ya hitilafu, au ya akaunti iliyoingiliwa ili kusambaza barua taka.

Ufanye nini?
1. Barua yenye tarehe ya mwisho itume mapema, kisha mpigie mpokeaji simu kuthibitisha.
2. Soma kila taarifa ya kuchelewa au kurudishwa kwa barua. Namba ya jibu inayoanza na 4 huashiria kikwazo cha muda; inayoanza na 5 huashiria kwamba barua imekataliwa.
3. Mwombe mtoa huduma akague foleni, ukimtajia anwani ya mpokeaji, tarehe na saa uliyotuma.
4. Hifadhi taarifa hizo zote. Ndizo ushahidi wako.

Tahadhari
Matapeli hutuma ujumbe usemao: "Barua zako zimezuiliwa, bofya hapa uzipate." Ukibofya, utaombwa nywila. Usiitoe. Msimamizi wa seva hahitaji nywila yako ili kuachilia barua. Usifuate kiungo hicho. Wasiliana na mtoa huduma kwa namba unayoifahamu.

Usiporidhika
Wasilisha kwanza malalamiko yako kwa mtoa huduma. Asipoyatatua, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) pamoja na ushahidi uliouhifadhi.